Kujenga Kizimba Imara cha Ghorofa Mbili cha Kufugia Simbilisi

Simbilisi ni mnyama mdogo mwenye mwili wa mviringo, miguu mifupi na masikio madogo, asiye na mkia. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Waingereza humwita nguruwe wa Guinea, ingawa yeye si nguruwe wala hakutoka Guinea. Yumo katika jamii ya wanyama wagugunao, pamoja na panya na nungu. Katika nchi ya Peru nyama yake huliwa hata leo, hasa siku za sherehe. Na katika Kongo ya mashariki, Kameruni na sehemu za Tanzania hufugwa majumbani kwa sababu iyo hiyo. Katika Kenya wafugaji wake ni wachache kuliko wafugaji wa sungura, na mara nyingi mwenye simbilisi ni kijana wa nyumba, aliyepewa dume mmoja na majike wawili ili aanze mali yake mwenyewe.

Mali hiyo yaweza kupotea kwa usiku mmoja. Desturi ya wengi ni kuanza na sanduku moja, na wanyama wakizidi huweka sanduku la pili juu ya la kwanza, kisha la tatu, bila kuyafunga. Siku moja mbwa husukuma, au upepo wa mvua huvuma, na nyumba yote huanguka. Wale wa chini hupondwa, wale wa juu huvunjika miguu, na waliosalia huliwa na paka kabla ya mapambazuko. Hata kama sanduku halikuanguka, mkojo wa wale wa juu huwadondokea wale wa chini, nao huugua kwa unyevu. Somo hili laeleza namna ya kujenga kizimba cha ghorofa mbili kisichotikisika wala kudondosha maji, kwa mbao ambazo fundi yeyote wa kijijini aweza kuzikata.

KWA NINI KIZIMBA KIWE CHA GHOROFA

Faida ya kwanza ni nafasi. Kizimba chenye urefu wa futi 4 na upana wa futi 2 na nusu hukalia futi za mraba 10 za ardhi. Kikiwa na ghorofa mbili humpa mfugaji futi za mraba 20 za sakafu mahali pale pale. Hili ni jambo kubwa kwa mtu wa mjini mwenye ua mdogo, na kwa mkulima ambaye shamba lake limegawanywa kwa ndugu.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kutenganisha wanyama. Jike wa simbilisi huchukua mimba kwa muda wa siku 65 hivi, kisha huzaa watoto wawili, watatu au wanne. Watoto hao huzaliwa wakiwa na manyoya, meno na macho yaliyo wazi, nao hukimbia siku hiyo hiyo. Huacha kunyonya wakiwa na wiki 3, na muda mfupi baada ya hapo huweza kupandana. Wakiachwa pamoja, jike mchanga huchukua mimba kabla mwili wake haujakomaa, tena pengine kwa baba yake au kwa ndugu yake, na kizazi hudhoofika. Kwa hiyo ghorofa ya chini iwe ya dume mmoja na majike wanne pamoja na watoto wanaonyonya, na ghorofa ya juu iwe ya majike wachanga walioachishwa. Madume wachanga watengwe kwingine, au wauzwe au kuliwa wanapofikia uzito wa kutosha.

Wazito wakae chini na wepesi wakae juu. Hilo lafaa kwa wanyama, na lafaa pia kwa kizimba chenyewe, maana kitu ambacho uzito wake uko chini hakipinduki upesi.

NGAZI YA NDANI

Wafugaji wengine hupenda kutoboa sakafu ya juu na kuweka ubao wa mteremko ili wanyama wapande na kushuka. Yafaa kufikiri kwanza. Simbilisi si paka wala panya. Hana ustadi wa kupanda, na akianguka kutoka kimo cha futi moja na nusu aweza kuvunjika mguu au uti wa mgongo. Mteremko unaomfaa ni ule ambao kwa kila inchi 1 ya kimo ubao una urefu wa inchi 3. Katika kizimba kinachoelezwa hapa, kimo kutoka sakafu hadi sakafu ni inchi 20; basi ubao wa kupandia ungekuwa na urefu wa inchi 60, yaani futi 5, nao umepita urefu wa kizimba chenyewe! Mtu akiufupisha ili uenee, huwa mkali kama paa la nyumba, na wanyama huanguka au hukataa kuupanda.

Kwa hiyo ni heri kila ghorofa iwe nyumba kamili yenye mlango wake, chakula chake na maji yake. Mwenye kutaka wanyama wapate mahali pa kupanda aweka jukwaa dogo ndani ya ghorofa moja, lenye kimo cha inchi 8, pamoja na ubao wa futi 2 wenye ukingo pande zote mbili na vijiti vilivyopigiliwa kukingama ili miguu isiteleze.

MAHALI NA VIFAA

Kizimba kisimame mahali palipo sawa, penye kivuli cha adhuhuri, na ukuta au ua wa kukinga upepo. Joto likipita digrii 30 za Sentigredi simbilisi huanza kutaabika, na akifungiwa juani chini ya bati hufa upesi. Kwa hiyo watu wa pwani na wa nchi kavu wachague kivuli cha mti. Katika nchi za baridi kama Limuru na Kinangop, mgongo wa kizimba uelekee upande unakotoka upepo wa usiku.

Vifaa vinavyohitajiwa ni hivi:

Mbao za inchi 3 kwa 2, futi 19, kwa nguzo nne.
Mbao za inchi 2 kwa 2, futi 52, kwa viunzi vya sakafu na vya paa.
Mbao za inchi 2 kwa 1, futi 26, kwa milango minne.
Mbao za inchi 6 kwa 1, futi 48, kwa sakafu na vizingiti.
Mbao za inchi 3 kwa 1, futi 17, kwa mishazari.
Mabanzi ya kiwanda cha mbao, kwa kuta.
Bati moja la futi 8 kwa paa, na bati lisilo na migongo la futi 4 kwa 3 kwa kinga ya katikati.
Waya wa kahawa wenye matundu ya nusu inchi, bawaba, makomeo, na misumari ya inchi 3 na ya inchi 2.

Mbao zisiwe zimepakwa dawa ya mchwa upande wa ndani, kwa sababu simbilisi huguguna kila kitu.

KUSIMAMISHA KIUNZI

Nguzo mbili za mbele ziwe na futi 5 kila moja, na mbili za nyuma futi 4 na nusu, ili paa literemke kuelekea nyuma. Kimo cha futi 5 ni mara mbili ya upana wa futi 2 na nusu. Huo ndio mpaka wa kukumbuka: kizimba kisichochimbiwa chini kisizidi kimo cha mara mbili ya upana wake. Anayetaka ghorofa ya tatu hana budi kupanua msingi kwanza, au kukifunga kizimba kwenye ukuta.

Tengeneza viunzi viwili vya sakafu. Kila kimoja kina mbao mbili za futi 4 na mbao tatu za kukingama za futi 2 na nusu, moja kila mwisho na moja katikati. Kabla ya kupigilia misumari yote, pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha pima pembe zile nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, yaani kama futi 4 na inchi 8 na nusu kila kimoja, kiunzi ni mraba barabara. Visipolingana, kigongwe kidogo kidogo mpaka vilingane. Kazi hii ni ya dakika chache, nayo ndiyo huamua kama milango itafunga vizuri.

Kiunzi cha sakafu ya chini kiwe inchi 18 kutoka ardhini, na cha sakafu ya juu kiwe inchi 38. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Huegemeza kiunzi kwenye nguzo na kukipigilia misumari kutoka ubavuni, basi. Mbao inapokauka au kuoza kwa mkojo, msumari hulegea na sakafu hushuka. Njia iliyo salama ni kupigilia kwanza kipande cha mbao cha inchi 4 kwenye kila nguzo, chini ya mahali pa kiunzi, halafu kukikalisha kiunzi juu ya vipande hivyo. Kazi ya msumari ni kushika. Kazi ya kubeba uzito iwe ya mbao.

Kisha weka mishazari. Umbo la pembe nne, hata likipigiliwa misumari mingi, hulala upande likisukumwa. Umbo la pembe tatu haliwezi kulala isipokuwa mbao yenyewe ivunjike. Piga mshazari mmoja wa futi 6 mgongoni, kutoka chini ya nguzo moja mpaka juu ya nguzo ya pili, na mmoja wa kama futi 5 na inchi 2 katika kila ubavu. Mbele hapahitaji mshazari, kwa kuwa ndipo penye milango. Kabla ya kupigilia msumari wa mwisho, ning'iniza jiwe kwa uzi kando ya kila nguzo uone kama imesimama wima.

SAKAFU NA KINGA YA KATIKATI

Sakafu ya waya yaonekana safi, maana mavi huanguka chini yenyewe. Lakini nyayo za simbilisi ni laini. Waya huzikata na kuzitia vidonda, na watoto hunasa miguu na kuivunja. Sakafu nzuri ni ya mbao. Mbao 5 za inchi 6 zikilazwa kwa urefu huenea upana wote wa sakafu moja. Ziachie nafasi nyembamba kati yake, isiyozidi unene wa sarafu ya shilingi, ili maji yapite na mguu usipite. Juu yake tandaza nyasi kavu au maranda ya seremala, kimo cha inchi 2 au 3.

Chini ya sakafu ya juu piga lile bati lisilo na migongo. Upande wa mbele liwe inchi 2 chini ya sakafu, na upande wa nyuma inchi 5, tena litokeze nyuma ya ukuta kwa inchi 3. Hivyo maji yote ya ghorofa ya juu hutiririka nyuma na kuanguka nje. Weka chombo hapo chini; mkojo huo na matandiko machafu ni mbolea nzuri ya bustani yakichanganywa na takataka na kuachwa yaoze. Ghorofa isiyo na bati hili ni hasara kwa wanyama wa chini, hata kama kiunzi chake ni imara namna gani.

KUTA, MILANGO NA PAA

Ukuta wa nyuma na za ubavuni zipigwe mabanzi bila nyufa, isipokuwa juu kabisa katika ukuta wa nyuma wa kila ghorofa. Hapo acha nafasi ya inchi 2, uizibe kwa waya, ili hewa mbaya ya mkojo itoke. Mbele kila ghorofa iwe na milango miwili ya futi 2: mmoja wa mabanzi, ili nyuma yake pawe na giza la kulalia, na mmoja wa waya, ili mwanga uingie. Milango yote ikifunguliwa, mkono na ufagio hufika kila pembe.

Waya wa kuku wenye matundu mapana haufai. Mtoto wa simbilisi aliyezaliwa jana hupita, na panya na nyoka huingia. Waya wa kahawa huwazuia wote. Kila mlango uwe na komeo juu na kipingo chini, maana mbwa na nguchiro hujaribu upande wa chini. Nyuma ya milango weka kizingiti cha ubao wa inchi 6, kinachochomolewa wakati wa kufagia. Mlango ukifunguliwa ghafula watoto hawataanguka.

Paa lifunikwe kwa bati lile la futi 8 lililokatwa vipande viwili, likitokeza nusu futi kila upande. Juu yake weka nyasi na kuzifunga, la sivyo wanyama wa ghorofa ya juu watachomwa na joto la bati. Mwisho, kagua ndani kwa vidole. Kila ncha ya msumari iliyotokeza ikunjwe au ikatwe.

Siafu ni adui asiyezuiliwa na waya. Wakiingia usiku katika kizimba kilichofungwa, wanyama hawana pa kukimbilia. Simamisha kila nguzo ndani ya mkebe wenye mafuta machafu ya gari, na mkebe ukae juu ya jiwe pana ili usizame ardhini. Mafuta hayo huzuia mchwa pia. Nyasi zilizo karibu zikatwe, kwa sababu jani moja likigusa kizimba ni daraja tosha kwa siafu.

KUKIJARIBU KIZIMBA

Wanyama wasiingizwe kabla kizimba hakijajaribiwa. Weka nusu gunia la mahindi, yaani kilo 45 hivi, juu ya sakafu ya juu, uliache usiku kucha. Wanyama na matandiko yao hawatafikia uzito huo. Asubuhi angalia kama kiunzi kimeshuka au vipande vya kubebea vimelegea. Kisha ondoa gunia, shika nguzo ya mbele kwa juu na kutikisa kwa nguvu. Kikiyumba, tafuta chanzo: ama jiwe la chini halikukaa sawa, ama mshazari haukupigwa barabara. Mwisho mwaga maji kikombe kimoja katika sakafu ya juu na kutazama yanakotokea. Yakitokea nyuma, kazi imefanywa sawasawa. Yakidondoka ndani ya ghorofa ya chini, bati liinuliwe mbele.

CHAKULA NA USAFI

Katika kila ghorofa weka hori la kubana nyasi, lililo inchi chache juu ya sakafu ili zisikanyagwe, chombo kizito cha maji, na kijumba cha kulalia chenye milango miwili ili mnyonge aweze kumkimbia mwenye nguvu.

Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, nao wakapata ugonjwa wa kiseyeye kama mabaharia wa zamani. Kwa hiyo mnyama huyu apewe kila siku majani mabichi, kama sukuma wiki, majani ya kunde au ya viazi vitamu, pamoja na nyasi nyingi. Ganda la pera pia lafaa. Asipewe majani ya viazi vya Kizungu, ya nyanya wala ya parachichi, kwa sababu yana sumu.

Matandiko yaliyolowa yaondolewe kila siku mbili, na yote yabadilishwe kila wiki. Kila mara hiyo mfugaji achungulie chini ya sakafu, aguse vipande vya kubebea na kutazama mikebe ya mafuta. Uozo huanza pale penye unyevu, nao haupigi kelele. Ubao wa sakafu unaobadilishwa leo kwa fedha kidogo huokoa kizazi kizima cha wanyama kesho. Na mwenye shaka juu ya afya ya wanyama wake amwendee afisa wa mifugo wa sehemu yake mapema, asingojee mpaka wawili watatu wamekwisha kufa.